Mbona miti yetu haijavaa kijani?

Swali limetoka kwa mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji kimoja chini ya nyanda za Rondo, mkoani Lindi. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Msitu wetu wa kijiji zamani ulikuwa mashamba ya mtama na mihogo. Tuliyaacha mwaka 1998, tukazuia moto na mkaa kadiri tulivyoweza, na leo miti imefunga juu. Lakini nikipanda Rondo kwenye msitu wa zamani, naona mashina yamevaa kijani toka chini hadi kwenye panda, na hata majani ya vichaka yana vidoa vya kijani. Kwetu magome ni makavu. Kwa nini? Kile kijani kitakuja lini, au tukichukue kule tukipandikize huku? La pili, baba yangu mdogo ana mikorosho ya siku nyingi. Kila kiangazi anakwangua kijani hicho kwa panga, anasema kinanyonya mti, na wengine wameanza kumwiga. Yuko sahihi?"

Marahaba, mwanangu. Naanza na la baba mdogo, kwa sababu msitu unaweza kungoja lakini panga halingoji.

Kijani kile hakinyonyi mkorosho. Kamusi zinakiita kuvumwani, ingawa si kuvu wala si mwani. Ni mmea kamili wenye majani yake, ila mdogo. Hauna mizizi. Una vinyuzi vifupi, vyembamba kuliko unywele, ambavyo kazi yake ni kung'ang'ania gome tu. Maji na chakula unapata kwa majani yenyewe, kutoka kwenye mvua, umande na vumbi linalotua. Baba mdogo bila shaka anaijua kirukia, inayoota juu ya tawi la mwembe au mkorosho na kupenyeza mizizi yake ndani ya mbao. Hiyo ndiyo mnyonyaji, na akiikata pamoja na kipande cha tawi nitampongeza. Kuvumwani ni mpangaji wa barazani: amejiegemeza ukutani kwa nje, jikoni haingii.

Kuna mahali ambapo mambo yamekutwa kinyume kabisa na anavyodhani. Mwaka 1981 mtafiti Nalini Nadkarni alichapisha alichokiona juu ya miti mikubwa ya misitu ya mvua katika jimbo la Washington, Marekani. Alipofunua magodoro ya kuvumwani yaliyolala juu ya matawi, alikuta mti wenyewe umetoa mizizi kwenye tawi, ikaingia ndani ya godoro kutafuta maji na rutuba iliyojikusanya humo. Mwenye nyumba ndiye aliyekuwa akila kwa mpangaji. Sisemi mkorosho wa Lindi unafanya hivyo. Kijani cha kwenye mkorosho ni chembamba mno, hakina udongo wa kuvuta mzizi. Nakueleza ili baba mdogo ajue kwamba watu wamepanda mpaka juu ya miti kuchunguza jambo hili, na mnyonyaji waliyemkuta hakuwa yule anayemkwangua yeye.

Hata hivyo jicho lake silidharau. Ameona kwamba mikorosho iliyochoka ndiyo yenye kijani kingi, na ni kweli. Alichokosea ni kipi kimetangulia. Mkorosho wenye nguvu unanenepa na kubandua ngozi ya gome lake, kwa hiyo mgeni hapati pa kukaa. Ukizeeka, gome linatulia, linapasuka nyufa, nyufa zinatunza unyevu, na kijani kinaingia. Halafu kuna jambo la nafasi. Mikorosho inashauriwa kupandwa mita 12 kwa 12, lakini mashamba mengi ya wazee wetu yamebanana, matawi yameshikana, jua na upepo havipiti. Hewa ile nzito inayopendwa na kuvumwani inapendwa pia na ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho. Basi baba mdogo akiona kijani kingi kwenye shina, asome hivi: shamba limefunga. Dawa yake ni kupogolea matawi na kupunguza miti iliyosongamana. Panga la kukwangulia linachubua gome, na gome lililochubuka ni mlango kwa wadudu wanaotoboa shina. Akiona utomvu unatoka pamoja na unga wa mbao, huyo ni mdudu, na hapo ndipo pa kukimbilia. Kituo cha utafiti cha Naliendele, pale Mtwara, kazi yake kubwa ni korosho. Akipeleka tawi lenye ugonjwa kule atapata jibu la uhakika kuliko langu.

Sasa tuje msituni, na huko ndiko moyo wangu uliko.

Kabla sijajibu "kwa nini", nikusaidie kujua unachokitazama, maana neno moja "kijani" linafunika viumbe vinne au vitano tofauti, na kila kimoja kinakuambia habari yake. Tafuta kioo cha kukuzia, kile kidogo cha kukuza mara 10. Tembea na chupa ya maji.

Kama ni utando tu, unaotoka kwa kidole kama rangi na hauna majani, huo ni ukoga, yaani mwani wa nchi kavu. Kuna mwani mmoja wa aina hii unaopaka mashina ya minazi rangi ya kutu au chungwa. Watu wengi hawaamini nikiwaambia kwamba kwa ukoo ni mwani wa kijani. Kama ni magamba ya kijivu, meupe au ya kijani kilichopauka, yaliyogandamana na gome kama rangi iliyokauka, hiyo ni laikeni: kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama mwili mmoja. Magome ya miombo yamejaa laikeni, na nadhani sehemu ya anachokikwangua baba mdogo, mbali na kuvumwani, ni hiyo.

Kuvumwani yenyewe ina kishina na majani yanayokizunguka pande zote, na mara nyingi jani lina mshipa katikati. Zile ulizoziona kwenye minazi na miembe ya pwani, vishungi vyeupe-kijani kama sifongo, wataalamu wanaziita Octoblepharum albidum; nimezikuta kwenye minazi iliyo karibu kabisa na barabara. Nyingine ni Calymperes, ambayo ncha za majani yake zinabeba vichipukizi vidogo kama unga. Kila kichipukizi kikidondoka mahali pafaapo kinakuwa mmea mpya, bila mbegu wala ua.

Halafu kuna ndugu wa kuvumwani ambao Kiswahili hakijawapa jina lililozoeleka. Nitawaita livawoti. Wazungu wa kale waliwaita mimea ya ini, kwa kuwa baadhi yao ni bapa kama kipande cha ini, wakadhani basi wanatibu ini. Wengi wao hata hivyo si bapa. Wana majani madogo yaliyojipanga safu mbili, kushoto na kulia, bila mshipa wa kati, nao wamelala juu ya gome kama nakshi iliyochorwa. Ukiona kitu cha rangi ya kahawia iliyoiva, kimetambaa kwenye shina kama utepe uliosukwa, huenda ni Frullania. Igeuze chini ya kioo utazame tumbo lake: kila jani limejikunja sehemu yake ya chini ikawa kikombe kama kofia ya askari, na kikombe kile kinashika maji. Nimeitazama mara nyingi na bado inanistaajabisha.

Duniani kuna spishi 12,000 hivi za kuvumwani na kama 7,000 za livawoti. Jamii hii ni ya wahenga. Mimea ya aina hii ilikuwa katika wale wa kwanza kutoka majini kuja nchi kavu, zaidi ya miaka milioni 450 iliyopita. Wale mijusi wakubwa waliochimbuliwa Tendaguru, hapo hapo mkoani kwenu, waliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Walizaliwa wakaikuta kuvumwani ni kongwe.

Sasa chukua chupa yako. Tafuta kishungi kilichokauka, kilichojikunja mpaka unadhani kimekufa, ukidondoshee maji. Subiri kidogo. Kitafunguka na kurudi kijani ukiwa unakitazama. Hapo ndipo jibu la swali lako lilipo. Mti una mizizi ya kuteka maji chini na ngozi ya kuyazuia yasitoke. Kuvumwani haina kimojawapo. Hewa ikiwa na unyevu, nayo ina unyevu; hewa ikikauka, nayo inakauka, inasinzia, inangoja. Ikiwa imekauka haitengenezi chakula. Na kila inapoamshwa inalipa gharama ya kujikarabati. Ikiamshwa kwa nusu saa tu kisha jua likaikausha tena, inaweza kuwa imetumia zaidi ya ilichopata. Kwa hiyo usiulize tu mvua ni milimita ngapi kwa mwaka. Uliza: baada ya mvua kukatika, gome linabaki na unyevu kwa saa ngapi?

Kwenye msitu wa zamani linabaki muda mrefu. Kuna dari ya juu, kuna miti ya kati, kuna vichaka, kuna majani makavu chini, na kila tabaka linazuia upepo na kutunza mvuke. Kwenu juu pamefunga, kama ulivyosema, lakini nadhani ukisimama ndani ukatazama usawa wa macho yako, utaona mbali. Miti yote ni rika moja, membamba na iliyonyooka, chini peupe. Upepo wa kusi unaingia ubavuni na kutokea upande wa pili. Lindi na Mtwara tuna msimu mmoja wa mvua, toka Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, halafu ukame mrefu. Ni ndani ya miezi hiyo mikavu ndipo hatima ya kuvumwani inapoamuliwa.

Rondo ina bahati nyingine. Iko juu, inakaribia mita 900 kutoka usawa wa bahari, na upepo unaotoka baharini ukipanda kule unapoa na kuacha ukungu. Sisi tuliokulia Newala tunaujua ukungu wa aina hiyo. Asubuhi za mwezi wa sita ulikuwa hauoni nyumba ya jirani, na blanketi lililosahauliwa nje lilikuwa linakamuliwa maji. Na Newala ile ile wanawake waliteremka bondeni na ndoo kichwani kutafuta maji, kwa kuwa mchanga wa juu haushiki tone. Mtoto wa Kimakonde aliyeona mambo haya mawili pamoja hahitaji kufundishwa kwamba maji ya hewani na maji ya ardhini ni akaunti mbili tofauti. Kuvumwani inachota kwenye ile ya hewani.

Basi swali la kwanza ambalo kamati yenu ijiulize ni hili: kabla ya mashamba ya mtama, pale palikuwa msitu wa namna gani? Kama palikuwa miombo, miti inayopukutisha majani kiangazi na nyasi chini, basi msingoje joho la kijani. Halikuwapo na halitakuja, na si kosa lenu. Miombo ina utajiri wake: laikeni zake, kuvumwani zake fupi kwenye vichuguu na kwenye mawe, na livawoti za udongoni zinazojikunja kiangazi na kufunguka mvua za kwanza. Kuipima miombo kwa rula ya Rondo ni kuionea. Lakini kama wazee wanakumbuka msitu mzito wa kijani mwaka mzima, wenye mivule na mitambaazi, ndipo maneno yanayofuata yanawahusu.

Mambo matatu yanachelewesha kijani hata pale ambapo hewa inafaa.

La kwanza ni gome. Mti wa miaka 25 una gome la kijana: laini, linalobadilika, halina makunyanzi wala mabega. Mti mzee una mizizi iliyotoka nje kama kuta, una panda zinazokusanya maji, una upande ulioinama ambako mvua inateremka kama kijito kila mara. Kila kona ya namna hiyo ni makao ya spishi yake. Mvule mmoja wa miaka 200 ni kijiji kizima. Miti 50 ya rika moja ni nyumba 50 za chumba kimoja zinazofanana.

La pili ndilo ambalo kamati nyingi hazilioni: magogo. Kuna livawoti zisizoishi kwenye gome lililo hai wala kwenye udongo. Zinataka mbao iliyooza, na si kuoza kokote. Nyingine zinakuja gogo likiwa bado gumu, nyingine mpaka liwe laini kiasi cha kuchomwa kidole. Gogo nene lililolala kivulini hunywa maji masika na kuyatoa polepole kiangazi, kama mtungi. Huko Ulaya kuna kuvumwani iitwayo Buxbaumia viridis inayoota hasa kwenye magogo yaliyooza ya misitu yenye kivuli na unyevu, na wahifadhi huitafuta kama alama ya msitu ambao haukusumbuliwa. Sasa fikiria tunavyofanya sisi. Mti ukianguka kwenye msitu wa kijiji, mkutano unaitishwa, unapasuliwa, unagawiwa kuni. Naelewa. Kuni ni chakula. Lakini kila gogo tunaloliondoa tunaiambia jamii nzima ya mimea kwamba zamu yake haijafika.

La tatu ni safari. Kuvumwani haina mbegu. Ina spora, chembe ndogo kama vumbi, zinazopeperuka. Kwa nchi za wazi zinaweza kwenda mbali sana. Ndani ya msitu uliotulia nyingi zinaanguka karibu. Tena spora hazipatikani hivi hivi. Kwa spishi nyingi dume na jike ni mimea miwili tofauti, na chembe ya uzazi ya kiume inapaswa kuogelea kwenye utando wa maji mpaka imfikie jike, umbali wa sentimeta chache tu. Watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2006 kwamba wadudu wadogo wa kwenye majani yanayooza, wale wanaoruka kama viroboto, na utitiri pia, husaidia kuibeba. Kwa hiyo msitu uliokosa majani yanayooza na vidudu vyake umekosa pia washenga. Spishi zisizofanya ndoa hutegemea vichipukizi na vipande vilivyokatika, navyo haviendi mbali. Kama kati ya msitu wenu na msitu wa zamani kuna kilomita kadhaa za mashamba yanayochomwa kila mwaka, wageni watafika mmoja mmoja, kwa miaka.

Umeniuliza lini. Nitakupa mifano miwili ya kwingine kisha maoni yangu. Kule Costa Rica, kwenye msitu wa ukungu wa Monteverde, Nadkarni yule yule aliondoa mimea yote kwenye vipande vya matawi akavifuatilia. Miaka 10 baadaye jamii ile ilikuwa bado haijarudi ilivyokuwa, ingawa msitu mzima pembeni ulikuwa hai na ukimwaga spora kila siku. Nchini humo humo, milimani, walilinganisha misitu mikongwe na misitu iliyoota upya kwa miaka 40. Idadi ya spishi ilikuwa karibu sawa, lakini si zile zile. Sehemu ya spishi za msitu mkongwe zilikuwa bado hazijaonekana. Huko ni mvua na ukungu karibu mwaka mzima. Kwetu kuna kiangazi.

Mimi nina ushahidi wangu mdogo pia, na ninauona uchungu. Nilipokuwa kijana ninaanza kazi hii, nilipanda msitu mmoja wa ukingoni nikakuta tawi lililoanguka nusu, lingali hai, limejaa livawoti. Nilikwangua tawi zima kwa ajili ya sampuli, wakati kipande cha ukubwa wa kiganja kingetosha. Nilirudi mara kadhaa katika miaka iliyofuata. Mara ya mwisho, zaidi ya miaka 10 baadaye, pale nilipopitisha kisu palikuwa bado peupe, na livawoti za pembeni zilikuwa zimesogea upana wa vidole viwili. Tangu hapo sichukui zaidi ya kinachoenea kwenye kiberiti.

Kwa hiyo maoni yangu: spishi za kawaida, kama zile Calymperes na Octoblepharum, zinaweza kuwa zimeshafika kwenu na hamjazitazama vizuri. Zile za msitu wa zamani, wajukuu wako ndio watakaoziona zikiwa nyingi, kama mtazilinda kuanzia leo.

Vile vidoa vya kijani kwenye majani ya vichaka ndivyo vitakavyokuja mwisho. Ni livawoti ndogo sana, wengi wao wa ukoo wa Lejeuneaceae, wanaoishi juu ya jani lililo hai. Fikiria maisha hayo: jani lazima liishi muda wa kutosha, hivyo mti wa kupukutisha majani hauwafai, hewa lazima iwe na unyevu wa kudumu, na kabla jani halijaanguka mmea uwe umekua, umezaa, umehamia jani jingine. Ukivikuta Rondo, jua umesimama mahali ambapo unyevu haukukatika kwa muda mrefu. Na Rondo yenyewe ilikatwa sana mivule katikati ya karne iliyopita. Unachokiona leo ni mabaki yaliyojificha kwenye sehemu zilizonusurika, jirani na yule komba mdogo wa gramu 60 hivi aliyepewa jina la nyanda hizo. Ndiyo maana jibu langu la kupandikiza ni hapana, kwa msisitizo. Kwanza, kuchukua mmea ndani ya hifadhi ya serikali bila kibali ni kosa kisheria. Pili, utaumiza pale ulipotoa na hutafaidisha pale ulipopeleka. Mmea ulioshindwa kuja wenyewe kwa sababu hewa ni kavu, ukiletwa kwa mkono utakufa kwa sababu hewa ni kavu.

Mnachoweza kufanya ni kuandaa nyumba. Zuieni moto, hilo mmeshaanza, na nakupongezeni kwa dhati, kwani moto mmoja wa chini unarudisha nyuma miaka yote hiyo. Kubalianeni kwenye mkutano kwamba ndani ya sehemu fulani ya msitu, hata kama ni robo tu, gogo lililoanguka haliguswi. Anzieni kwenye korongo, mahali pa chini palipo na kivuli. Miembe mizee iliyobaki toka enzi za mashamba msiikate kwa hoja kwamba si miti ya asili. Hiyo ndiyo yenye gome kongwe kuliko yote mliyonayo, na huenda tayari imetunza kuvumwani ambazo zitasambaa kwa jirani. Mpakani acheni vichaka vifunge kama ukuta, msivifyeke kwa ajili ya kupendezesha. Msitu unaotunza unyevu hauna sura ya bustani.

Tahadhari moja kuhusu maji, maana najua hoja hii itatumika kwenye mkutano. Tamás Pócs, mtaalamu wa Hungaria aliyefanya kazi Morogoro, alipima milima ya Uluguru na kuchapisha mwaka 1980. Kwenye msitu mfupi wa ukungu, juu ya mita 2,000, mimea inayoishi juu ya miti ilikuwa na uzito mkavu wa karibu tani 14 kwa hekta, na ingeweza kushika kama lita 50,000 za maji kwa hekta katika mvua moja. Kwenye msitu wa chini zaidi, mita 1,400 hivi, uzito ulikuwa tani 2 tu na maji lita 15,000. Ni takwimu za kuheshimiwa, lakini ni za Uluguru. Msitu wenu uko chini zaidi na mkavu zaidi. Usiwaahidi wanakijiji kwamba kuvumwani italeta chemchemi. Ukishaahidi hivyo na chemchemi isije, watu watachoma msitu kwa hasira. Waambie kivuli, majani makavu na magogo vinatunza unyevu wa udongo, na hilo wataliona wenyewe wakiingiza mkono chini ya gogo mwezi wa tisa.

Mwisho, nakuomba kazi. Mvua zikikatika mwezi wa tano, chagua miti 10, ukianza na ya korongoni. Weka alama, piga picha ya shina usawa wa kifua, upande ule ule kila mwaka, na pembeni ya gome uweke sarafu ili ukubwa ujulikane. Kwenye korongo tazama upande wa kusini wa mashina, chini karibu na mizizi, ambako jua la kiangazi la nchi yetu halipigi sana. Nadhani utakuta kitu. Kikiwa na safu mbili za majani na hakina mshipa wa kati, niletee picha ya tumbo lake kwa kioo cha kukuzia, tena kabla baba mdogo hajapita na panga.